Choroa mweupe wa Oman: mnyama anatowekaje porini, kisha anaonekana tena?

Kila baada ya muda kuna picha inayozunguka mitandaoni. Mnyama mweupe kama maziwa, miguu ya kahawia iliyokolea utadhani katoka kukanyaga tope, pembe mbili nyembamba zilizonyooka kama fimbo, kasimama peke yake kwenye jangwa la mawe. Maelezo hubadilika kulingana na anayeituma. Huyu anasema mnyama huyo alishatoweka. Yule anasema amerudi kwa miujiza. Wa tatu anakuja na habari kwamba hifadhi yake kule Oman ilifutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hiyo tusidanganyane, hayupo.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Wanapopotezana ni kwenye maneno. Kutoweka, hifadhi, Urithi wa Dunia, hata neno jangwa lenyewe: tunayatumia kila siku kana kwamba kila mtu anayaelewa vilevile.

Tuanze na mnyama. Ni choroa wa Arabuni, ambaye Waarabu humwita maha. Ni ndugu wa choroa wanaoonekana Samburu na Tarangire, ila yeye ni mdogo zaidi: begani hufika kama mita moja, na uzito wake ni karibu kilo 70. Dume na jike wote wana pembe. Ukimtazama ubavuni, pembe hizo hujipanga zikaonekana moja, na wapo wanaoamini kwamba zile hadithi za kale za mnyama mwenye pembe moja zilianzia kwa mtu aliyemwona choroa kwa mbali.

Nyumbani kwake ni Jiddat al-Harasis, katikati ya Oman. Hapa ndipo dhana ya kwanza inapovunjika, kwa sababu ukitaja jangwa, wengi huona vilima vya mchanga vinavyopepea kama mawimbi. Jiddat haiko hivyo. Ni uwanda wa chokaa na changarawe, tambarare mpaka macho yanachoka, mgunga mmoja hapa na mwingine kule mbali. Vilima vya mchanga vipo, lakini viko upande wa magharibi, linakoanzia jangwa kuu la Rub' al-Khali. Kinacholifanya eneo kuwa jangwa ni maji, wala si mchanga. Kwa kipimo kinachotumiwa sana, penye mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka ni jangwa. Jiddat kwa wastani haipati hata milimita 50, na neno wastani lenyewe linapotosha, maana hupita miaka bila tone, kisha mvua ya siku moja ikamaliza hesabu yote.

Sasa mnyama anaishije hapo?

Jibu liko baharini. Pwani ya Oman inapakana na Bahari ya Arabuni, na upepo wa kusi unapovuma, maji ya juu husukumwa mbali na pwani, yale ya baridi yakapanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa, na katika misimu fulani ya mwaka huingia bara usiku kama ukungu. Alfajiri kila kitu kimelowa: jiwe, jani kavu, mti wa mgunga. Jua likipanda kidogo tu unyevu wote umekwisha. Lakini kwa saa zile chache majani yaliyokuwa makavu kama karatasi yamenyonya maji, na choroa anayelisha usiku na alfajiri anakula na kunywa kwa tendo moja. Anaweza kukaa miezi mingi asiguse maji ya kunywa.

Mchana kazi yake ni kutofanya kazi. Hutafuta kivuli cha mgunga, akakwangua kwa kwato ule udongo wa juu uliochomwa na jua mpaka afikie tabaka la chini lenye ubaridi, akajilaza humo, tumbo limegusa ardhi. Rangi nyeupe hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Na mwili wake una mbinu ambayo wetu hauna: badala ya kutoa jasho ili joto lisipande, huliacha lipande digrii kadhaa mchana kutwa, kisha hulitoa usiku hewa ikipoa. Ni kama ukuta wa mawe unaokuwa wa moto jioni na baridi alfajiri. Sisi tukipanda digrii mbili tunaitiwa daktari. Yeye anaokoa maji ambayo angeyamwaga kama jasho.

Wala hayuko peke yake katika jangwa linaloitwa tupu. Jiddat kuna swala wa Arabuni, simbamangu, nyegere, mbwa mwitu wa Arabuni na ndege tandawala wa jamii ya hubara. Kwenye magenge ya Huqf, upande wa mashariki, kuna mbuzi wa mwituni wenye pembe zilizopinda kurudi nyuma. Kuna pia mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Wote hawa wanategemea ukungu uleule.

Neno la pili: kutoweka

Umoja wa kimataifa wa uhifadhi unaojulikana kama IUCN una orodha iitwayo Orodha Nyekundu, inayowapanga viumbe kwa madaraja kulingana na ukubwa wa hatari inayowakabili. Katika madaraja ya mwisho kuna mawili yanayochanganywa sana. Moja ni "ametoweka": hakuna hata mmoja aliyebaki popote. Jingine ni "ametoweka porini": hayupo tena katika makazi yake ya asili, lakini wapo wanaofugwa mahali fulani.

Mfikirie mkulima ambaye shamba lake lote la mtama limeungua, lakini debe moja la mbegu lilibaki ghalani. Ukienda shambani hukuti mtama. Ukisema mtama umekwisha, mwenye ghala atakucheka.

Choroa wa Arabuni aliingia katika daraja hilo la pili. Kwa karne nyingi Mabedui walimwinda wakiwa juu ya ngamia, na jangwa lenyewe lilikuwa likimlinda: mwindaji huchoka, ngamia huchoka, maji huisha. Gari halichoki. Magari yalipoingia jangwani pamoja na bunduki za kisasa, mnyama mweupe kwenye uwanda ulio wazi, asiye na pa kujificha, alikuwa kama taa iliyowashwa. Mwaka 1972 kundi la mwisho lililojulikana lilipigwa risasi palepale Jiddat al-Harasis.

Lakini ghalani palikuwa na mbegu. Miaka 10 kabla, mwaka 1962, chama cha uhifadhi cha Uingereza kilichoitwa Fauna Preservation Society kilituma msafara kwenda kuwakamata wachache wakiwa hai. Kiongozi wake alikuwa Meja Ian Grimwood, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya. Walizunguka majangwa ya mashariki ya himaya ya Aden, katika Yemen ya leo, karibu na mpaka wa Oman, wakapata wanne tu. Mmoja akafa. Watatu waliobaki, madume wawili na jike mmoja, walipitishwa Kenya na kuwekwa Isiolo kwa muda, kisha wakapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, ambako hali ya hewa ni kavu kama kwao. Mwingine akatoka bustani ya wanyama ya London, mmoja Kuwait, wanne kwa mfalme wa Saudia. Jumla tisa. Wakaitwa Kundi la Dunia, jina kubwa kwa wanyama wanaoenea kwenye zizi moja.

Tisa ni wachache mno, na tatizo lake si idadi pekee. Ukiwaacha wazaane ovyo, baada ya vizazi viwili vitatu kila mmoja ni ndugu wa mwenzake, na ndama huanza kuzaliwa dhaifu. Kwa hiyo likafunguliwa daftari la nasaba: kila ndama aliandikwa, baba yake nani, mama yake nani, bibi yake katoka wapi. Ni maswali yaleyale ambayo wazee huuliza posa inapoletwa, na sababu ni ileile. Kabla ya kuwakutanisha dume na jike, daftari lilifunuliwa kwanza.

Kurudi si kufungua lango

Watu wengi hudhani kwamba ukishakuwa na wanyama wa kutosha unawapakia kwenye lori, unawashusha jangwani, kazi imekwisha. Choroa aliyezaliwa Marekani hajui mgunga uko wapi. Hajui pia nani amfuate, na huyu ni mnyama anayeishi kwa kundi, lenye mkubwa na mdogo, ambalo hutembea umbali mrefu kufuata mahali mvua iliponyesha.

Oman, chini ya Sultani Qaboos, iliamua kuwarudisha. Wanyama wa kwanza walifika Yalooni, ndani ya Jiddat, mwaka 1980. Hawakuachiwa. Waliwekwa kwenye maboma, wakazoea joto, wakagombana, wakapangana, mpaka likapatikana kundi linalojijua kuwa kundi. Mwezi Januari 1982 lango likafunguliwa, wakatoka choroa 10. Ilikuwa miaka 10 tangu wale wa mwisho wapigwe risasi.

Jambo ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha ni nani aliyewafuata. Mradi uliwaajiri askari wa wanyamapori kutoka kabila la Harasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia ambao nchi hiyo inaitwa kwa jina lao. Watu hawa wanasoma nyayo kama wengine tunavyosoma gazeti: alipita jana, alikuwa anachechemea, ana ndama. Mnyama wa jangwani anaweza kuhama makumi ya kilomita kwa usiku mmoja, na bila jicho la namna hiyo unamtafuta mpaka mafuta ya gari yanaisha.

Hapo ndipo tunapolifikia neno hifadhi. Kisheria hifadhi ni eneo lililowekewa mpaka, na ndani ya mpaka huo kuna mambo yanayokatazwa. Mpaka ni mstari kwenye ramani, na mstari haumzuii mtu mwenye gari. Anayezuia ni mtu aliyepo pale, anayelipwa, anayeijua nchi, na ambaye ana sababu ya kutaka mnyama yule abaki. Kwa miaka ya kwanza Jiddat ilikuwa na watu hao, na wanyama wakaongezeka. Mwaka 1994 eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 27,500, karibu mara mbili ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, likaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa wapatao 450.

Mwaka huohuo mambo yakaharibika.

Ujangili uliorudi haukuwa ule tunaoufikiria wa nyama na pembe. Walitakiwa hai. Kulikuwa na wanunuzi nje ya nchi waliotaka choroa kwa ajili ya mikusanyo yao binafsi ya wanyama, na aliyetafutwa zaidi alikuwa jike, kwa sababu jike ndiye anayezaa. Kwa anayesikia kwa mbali, kukamatwa hai kunaonekana afadhali kuliko kupigwa risasi. Sivyo. Mnyama anayefukuzwa na gari kwa mwendo mrefu huunguza misuli yake mwenyewe, kama injini inayokimbizwa bila maji kwenye rejeta mpaka inanoki. Anaweza kufungwa miguu akiwa mzima, akapakiwa, kisha akafa njiani au siku kadhaa baadaye bila jeraha hata moja. Kwa kila aliyefika kwa mnunuzi kulikuwa na wenzake walioishia kwenye changarawe.

Kufikia Septemba 1998 walikadiriwa kubaki 138 porini, na kati yao majike walikuwa 28 tu. Tazama hesabu hiyo ya pili, maana ndiyo inayoumiza. Kundi lenye madume 110 na majike 28 linaonekana kubwa kwa macho, lakini kasi ya kuzaliana kwake ni ya wale 28. Ikaamuliwa baadhi wakamatwe na kurudishwa Yalooni kwenye maboma. Choroa 40 walirudi ndani, kwenye eneo lilelile ambalo wenzao walitokea mwaka 1982.

Kufutwa kwenye orodha

Baada ya hapo, serikali ya Oman ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, ikaendelea na mipango ya kutafuta mafuta na gesi. Kilichobaki kilikuwa takriban ukubwa wa Tarangire. Wakati huo choroa wa porini walikuwa 65, na jozi zilizokuwa zikizaana ni kama nne. Mwezi Juni 2007, katika mkutano uliofanyika Christchurch, New Zealand, Kamati ya Urithi wa Dunia ikaliondoa eneo hilo kwenye orodha. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo tangu orodha ianzishwe. Baadaye Dresden ya Ujerumani ikafuata mwaka 2009, na Liverpool ya Uingereza mwaka 2021.

Wapo wanaosema UNESCO "iliifuta hifadhi". UNESCO haina mamlaka ya kufuta hifadhi ya nchi yoyote, kama ambavyo haina askari hata mmoja wa kuilinda. Orodha ya Urithi wa Dunia ni utambuzi: nchi yenyewe inaomba, inaahidi kulitunza eneo, inakubaliwa. Ni mfano wa cheti cha ndoa kilichotundikwa ukutani. Kina heshima yake, kinaweza kuwakumbusha wenye nyumba walichoahidi, lakini hakijawahi kumzuia mtu kuondoka. Na kikishushwa ukutani haimaanishi kwamba waliomo ndani wamekufa. Sheria za Oman zilibaki, hifadhi ndogo iliyobaki ikaendelea, leo ikijulikana kama Hifadhi ya Al Wusta, na wale waliorudishwa ndani wakaendelea kuzaa. Sasa wamefika mamia, wengi wao wakiwa ndani ya uzio.

Basi si wazungushiwe uzio wote?

Swali hili huulizwa kila mara na si la kipuuzi. Saudia ilijaribu. Mahazat as-Sayd ni hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,244 iliyozungushiwa uzio, na choroa waliachiwa humo mwaka 1990. Uzio ulifanya kazi yake: mifugo ikakaa nje, majani yakaota upya, jangili akashindwa kuingia kwa gari. Wanyama wakaongezeka.

Kisha ukame ukaja. Tulisema choroa hufuata mvua. Mvua ya jangwani hainyeshi kila mahali. Hunyesha hapa, ikaruka kilomita 60, ikanyesha kule. Kwa mnyama aliye huru, kiangazi upande mmoja ni safari tu. Kwa aliye ndani ya uzio, hata uzio mkubwa kiasi hicho, mvua iliyonyesha ng'ambo ni kama haikunyesha. Katika miaka ya ukame, kati ya 1999 na 2008, mamia ya choroa walikufa ndani ya Mahazat kwa njaa. Uzio uliowaokoa na bunduki ndio uliowanyima majani.

Kwa hiyo anayeuliza kama uzio ni mzuri au mbaya aulizwe kwanza: dhidi ya nini? Dhidi ya gari, mzuri. Dhidi ya ukame, huenda ukaua. Wasimamizi hulazimika kuchagua, au kubeba majani na maji kwa lori, na hapo tena mnyama wa porini anaanza kufanana na mbuzi wa zizini.

Basi wapo au hawapo? Mwaka 1986, baada ya wale wa Jiddat kuanza kuzaa, IUCN ilimtoa choroa wa Arabuni kwenye daraja la waliotoweka porini ikamweka kwenye la walio hatarini. Mwaka 2011 akapanda tena, akaingia daraja lenye hatari ndogo zaidi ya hiyo. Hakuna mnyama mwingine aliyewahi kutoka kutoweka porini akafika daraja hilo kabla yake. Wakati huo walihesabiwa kama 1,000 porini na wengine 6,000 hadi 7,000 wanaofugwa. Wengi wa hao 1,000 walikuwa Saudia na nchi jirani. Oman, walikoanzia kurudi, ilikuwa na sehemu ndogo tu. Ndiyo maana anayesema "hayupo Jiddat kama zamani" na anayesema "amerudi Arabuni" wanaweza kusimama meza moja, wote wakawa wakweli.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu mchezo huohuo unachezwa na ndugu yake, choroa mwenye pembe zilizopinda kama jambia. Naye alitoweka porini, akaanza kurudishwa Chad mwaka 2016 katika hifadhi ya Ouadi Rimé–Ouadi Achim, na mwaka 2023 IUCN ikamtoa kwenye daraja la waliotoweka porini.

Mwaka huohuo, 2023, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikaa Riyadh. Kati ya maeneo iliyoyaingiza kwenye orodha lilikuwamo Uruq Bani Ma'arid, hifadhi ya Saudia kwenye ukingo wa magharibi wa Rub' al-Khali, isiyo na uzio, ambako choroa waliachiwa mwaka 1995 na bado wanatembea. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu hifadhi ya choroa haohao itolewe kwenye orodha hiyo.